Urithi wa Mjomba

Sisi Waluguru urithi hupita upande wa mama. Mjomba akifariki, mpwa huku analia, huku anapiga hesabu. Mimi hesabu niliipiga vibaya. Watoto wa mama mkubwa waligawana mashamba ya kabichi kule Mgeta. Mimi, eti kwa kuwa ndiye msomi, nikapewa sanduku la bati. Nikalishusha mlimani kwa bodaboda, kona zote likinichoma mbavu.

Ndani: koti jeupe lililoliwa na mende, na kitabu kinene cha Kiingereza, Primary Surgery cha Maurice King, toleo la 1990. Mjomba alikuwa daktari msaidizi, na kitabu kiliandikwa kwa watu wa aina yake: bingwa yuko mbali, mgonjwa yuko mezani. Kurasa za ngiri zina madoa ya iodini. Kwenye upasuaji wa uzazi ameandika kwa penseli: “Taa imezimika. Tumemaliza kwa tochi.”

Nikasikia vitabu vya kale vya upasuaji vya Waingereza vinauzwa fedha nyingi. Nikapanda basi Msamvu hadi Dar, kwa jamaa mmoja anayejua mambo hayo. Akakishika kwa vidole viwili kama panya mfu.

“Mzee, hiki kitoto. Wakusanyaji wanatafuta cha John Woodall, London, 1617.”

Kumbe huyo Woodall aliwaandikia matabibu wa meli za kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara na India: namna ya kukata mguu, namna ya kupanga sanduku la dawa, na kwamba kiseyeye dawa yake maji ya limau. Malimau! Huku kwetu yanaozea chini ya miti.

“Na kiwe kisafi,” akaendelea. “Jalada lake lilelile, kurasa zote, picha zote, pasiwe na doa. Hiki chako kimetumika mno.”

Nikarudi Morogoro nimepoteza nauli ya kwenda na kurudi. Nikamlalamikia mke wangu: dunia gani hii, kitabu kilichookoa watu hakina bei, kilichokaa kabatini bila kuguswa ndicho dhahabu?

Akaendelea kuchambua mchicha. “Kumbe kisichofanya kazi ndicho ghali? Baba Asha, kesho vaa shati safi. Nakupeleka Dar.”