Mashua Haifi Maji, Hufa Uani

Wako watu wazima, wenye akili timamu na kiinua mgongo mfukoni, ambao wakistaafu hawataki kufuga kuku wala kujenga vyumba vya kupangisha. Wanataka mashua. Wala si mpya. Wanataka ile kuukuu iliyolala ubavu ufukweni, iliyovulia tangu enzi za baba yake nahodha, waichukue waifufue taratibu kwa mikono yao wenyewe. Muuzaji atasema wasemavyo wauzaji wote wa vyombo kuanzia Lamu hadi Kilwa, kwamba chombo ni kizima, kinataka rangi tu. Mashua itapakiwa kwenye lori, itashushwa uani chini ya mwembe, itafunikwa turubai, na tangu siku hiyo nyumba haitakuwa tena na pa kuanika nguo. Majirani watacheka kwa kuwa mstaafu hajui kushika tezo. Nadhani wanacheka pasipostahili. Kushika tezo mtu hujifunza, na vidole kumi ni akiba ya kutosha. Kioja chenyewe kilitokea mapema zaidi, pale chombo kilipotolewa baharini ili kitunzwe. Mashua ya mbao hustahimili mawimbi, nyavu, chambo na matusi ya mabaharia. Haistahimili kupendwa.

Tuanze na kuoza, maana ndiko pesa nyingi zinakoishia. Kuvu wanaoozesha mbao hupenda maji ya mvua na hewa iliyotuama; maji ya chumvi huwakera. Mvuvi anayerushiwa mawimbi kutwa anaiosha mashua yake kwa dawa bila kujua wala kulipa. Mstaafu anaikinga chini ya turubai ambalo halipitishi upepo, linakusanya mvua juu na kudondosha jasho chini, na hivyo anawajengea kuvu nyumba ya wageni. Fundi akija huchomoa kisu kidogo na kuchokonoa taruma moja baada ya nyingine. Kisu kikigoma, fundi huendelea na hadithi zake za mpira; kikizama hadi mpini, hunyamaza, na ukimya wa fundi una bei yake. Halafu kuna misumari. Tazama kwa karibu kichwa cha msumari wa chuma uliokaa miaka ubaoni: pembeni yake pana duara jeusi, na ndani ya duara hilo mbao imelainika kwa sababu kutu nayo huila. Ukiung'oa, unatoka na kipande cha ubao. Ukibadilisha ubao, unakuta taruma iliyoushikilia haifai. Ukibadilisha taruma, ubao wa jirani unakosa pa kupigiliwa. Hivyo hivyo mpaka mkuku. Plutarch aliandika kwamba Waathene walitunza jahazi la Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakagombana kama bado ni jahazi lilelile. Nyumbani swali hilo huulizwa na anayeshika daftari la matumizi, na yeye hagombani, anajumlisha tu.

Jua ndilo baya zaidi, kwa kuwa hufanya uharibifu unaoonekana kama kazi ya kufanywa. Mbao zikikauka husinyaa, na baada ya miezi michache ya kaskazi uani, mwanga hupenya kati ya ubao na ubao. Mwenye mashua akiona mianya hupata nguvu mpya. Amesoma habari za kalafati, kwa hiyo anasokota pamba, anailowesha mafuta, anaipigilia kwa patasi na nyundo mpaka mwanya umeshiba. Amefuata kila hatua isipokuwa moja: hakuacha nafasi ya ubao kuvimba. Mashua ikirudi majini mbao hunywa, hutanuka, hukuta pamba imekaa mahali pake, na hapo ama pamba inatemwa nje ama misumari inang'oka. Fundi mwenye uzoefu akikuta chombo kilichokauka vile hana haraka na patasi. Hukiacha kwenye maji mafupi, kijae, kizame kidogo, kilale humo mpaka mianya ijifunge yenyewe. Kwa mstaafu aliyekwisha kualika watu, kufukiza ubani na kupika pilau, ushauri wa kuzamisha mashua siku ya kuizindua haupokeleki. Basi mashua huizindua shughuli yenyewe: wageni wakiwa bado na sahani mikononi, maji yamefika kwenye viti vya wapiga makasia.

Hapo mvuvi yeyote ataniuliza, na mdudu je? Swali lake ni zito. Baharini kuna kiumbe wa jamii ya chaza, mwenye umbo refu na laini, anayetoboa mbao kwa magamba yake mawili madogo na kuishi humo ndani. Tundu aliloingilia halionekani kwa urahisi. Mashua inaweza kung'aa nje huku ndani ni mahandaki matupu. Kwa hiyo chombo kikiachwa majini bila kuguswa kitaliwa, sina ubishi. Lakini jibu la pwani kwa mdudu huyu halijapata kuwa kukihamishia uani. Bamvua likija, chombo hupandishwa mchangani, hulazwa ubavu maji yanapokupwa, hukwanguliwa, tumbo lake huunguzwa kwa moto wa makuti unaomuua mdudu bila kudhuru ubao, kisha hupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Maji yakijaa, kinarudi kazini. Ni matunzo ya saa chache, yanayorudiwa, na yana moto ndani yake. Mtu aliyepaka mashua rangi mara tatu na kuipa jina la mjukuu hathubutu kuisogezea kuti linalowaka.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Uswidi. Manowari Vasa ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, katika safari yake ya kwanza, kabla haijafika mbali na gati. Kama chombo cha baharini haina la kujivunia. Kama mbao, ilikaa chini ya maji miaka 333 na kuibuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa sababu Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno kwa yule mdudu kuishi. Shida zilianza ilipoanza kutunzwa. Ilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 ili isisinyae na kupasuka, na baadaye ikagundulika kwamba ndani ya mbao kunazalika tindikali, na bolti za chuma zimeshika kutu, zikabidi kung'olewa kwa maelfu na kuwekwa nyingine. Waswidi wana jumba la makumbusho, wanakemia na bajeti. Mstaafu wa Bagamoyo ana turubai.

Wapo watakaosema yote haya yanamalizwa na faiba: mashua ivalishwe nje, mambo kwisha. Faiba ni nzuri ikiwa mashua yote ni faiba. Ikiwekwa juu ya mbao kuukuu, mbao huendelea kuvimba na kusinyaa chini yake, na faiba haivimbi. Hutokea ufa mdogo, maji huingia, hayatoki. Miaka inapita, na kilichobaki ni ganda lenye umbo la mashua, ndani yake unga.

Hoja ninayoiheshimu ni ya urithi: tusipozihifadhi mashua hizi, watoto wataziona pichani tu. Lakini tazama mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Havikupotea kwa kukosa uwanja wa kuvihifadhi. Vilipotea kwa kukosa kazi, na mikono iliyojua kushona ikaondoka navyo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walikamilisha Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hapakuwa na ubao hata mmoja wa kale wa kutunza, ila ufundi ulikuwapo, kwa kuwa ni wa watu wanaounda vyombo vinavyokwenda.

Kwa hiyo mashua ile iachwe majini. Wapewe wavuvi, kwa mgawo wa samaki kama desturi, na mwenyewe afike kila bamvua na makuti yake. Atalalamika kwamba hiyo si burudani, ni kazi, na kwamba wavuvi wataichubua rangi na kumwaga chambo mahali alipopiga msasa. Wataichubua. Na kama ana hamu kubwa ya kufanya jambo kwa mikono yake mwenyewe, mashua ya mbao haikosi kuvuja kidogo. Upo wa kufulia maji ataukuta ngamani.