Hadai Pole

Wengine husifu majemedari. Mimi namsifu bwana harusi mmoja nisiyemjua jina wala nchi, aliyerudi nyuma hatua mbili ili picha itoke vizuri, akatumbukia kidimbwini na suti yake. Nimemwona akitumbukia mara nane sasa, zote kwenye runinga ya kinyozi mmoja hapa Gitothua, na hajawahi kuniangusha.

Wasomi husema vipindi hivi vya kanda za mianguko ni upuuzi. Upuuzi gani wenye nasaba hivi? Ulianzia Japani katika miaka ya 1980, runinga ikiomba watazamaji kanda zao za nyumbani. Wamarekani wakauiga mwaka 1989, wakauita America's Funniest Home Videos. Waingereza wakafuata mwaka 1990 na You've Been Framed!, wakaja kulipa pauni 250 kwa kanda. Pauni mia mbili na hamsini, baba kapigwa mpira pale pasipotajwa! Masika yakifika, Gitothua hutoa mianguko bora kuliko hiyo, bure, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, watu wakiruka matope kuwahi matatu za Nairobi.

Ila mwanguko wa mtaani una ushuru. Jirani akiteleza na mfuko wake wa mboga, huna budi kusema "pole sana" na kumwokotea nyanya, umeuma midomo mpaka machozi yanakutoka. Ukithubutu kucheka, utajadiliwa kwenye chama Jumapili. Bwana harusi wangu hadai pole. Wala hahitaji mkalimani: mzee wa Kikuyu, kijana wa Sheng na mtoto asiyejua kusema hucheka kwa pamoja, jambo lililoishinda taarifa ya habari. Tulidhani simu zingevizika vipindi hivi. Lakini kwenye simu mtu hucheka peke yake, kama anayeficha kitu. Kwa kinyozi benchi zima hutikisika.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kitini, shuka shingoni, bwana harusi akarudi hatua ya pili. Kinyozi naye alikuwa akitazama, mashine imetua juu ya paji langu. Alicheka kwa mwili mzima, na mkono ukiwamo. Kwenye kioo nikaona njia mpya imepita katikati ya nywele zangu, pana kama Thika Superhighway, na benchi lote limeipa runinga kisogo, linanitazama mimi. Hakuna aliyesema pole.