Sifa za Faili la Mufilisi

Mnazi umesifiwa kuanzia mizizi hadi makuti. Ngamia kasifiwa, karafuu imesifiwa, na kahawa chungu ya barazani haikosi wa kuisemea. Faili la mtu aliyefilisika halijapata hata ubeti mmoja. Leo ninasimama kulitetea, na kwa kuwa sifa ya jumla haina ladha, nimechagua faili la mbali kabisa: la mfugaji wa Kaunti ya Cherry, katika jimbo la Nebraska, Marekani.

Cherry ina ukubwa wa takriban mara tisa ya kisiwa cha Unguja, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu wapatao 5,500 tu. Ng'ombe wanawazidi kwa mbali. Mahali kama hapo ungedhani siri haikai, kila mtu anajua trekta la nani limechukuliwa na benki. Ungedhani pia kwamba ukitaka ushahidi wa karatasi utakwenda mahakama ya kaunti pale Valentine, umsalimu karani, naye avute droo. Hapo ndipo faili letu linapoonyesha sifa yake ya kwanza: halikai kwao.

Valentine utapata hati za ardhi, mirathi na kesi za wizi. Ufilisi haumo. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, ililipa Bunge la taifa uwezo wa kutunga sheria ya ufilisi iliyo moja kwa nchi nzima, na kesi zake husikilizwa na mahakama za shirikisho. Nebraska yote, licha ya upana wake, ni wilaya moja ya kimahakama, na ofisi za makarani wa ufilisi ziko Omaha na Lincoln. Kutoka Valentine hadi Omaha ni karibu kilomita 480. Jina la kaunti limo ndani ya faili, kwenye fomu ya maombi, lakini mlangoni halipo. Hebu itazame heshima hiyo! Tajiri akigombana na jirani juu ya ua, shauri lake linaishia kijijini. Aliyeshindwa kulipia trekta anapandishwa hadi mahakama ya taifa.

Sifa ya pili ni ukarimu. Sheria inasema karatasi zilizowasilishwa katika kesi ya ufilisi ni za umma, isipokuwa jaji akiamua vingine, kwa hiyo anayetaka kuzisoma haulizwi yeye ni nani kwa mwenye deni. Akiwa hana nauli, ipo simu ya bure ya mahakama: unataja jina, na sauti ya mashine inakusomea namba ya kesi, tarehe ilipofunguliwa, na kama deni limekwisha kusamehewa. Mmbeya wa mtaani hulala. Mashine hii hailali. Akiwa na nauli, atakuta kwenye kaunta ya karani kompyuta za umma ambako kusoma ni bure na kuchapa ndiko kunakolipiwa. Asiye na nauli wala subira ana PACER, mfumo wa mahakama za shirikisho uliozaliwa mwaka 1988, enzi za kompyuta kuunganishwa kwa waya wa simu. Kujisajili ni bure. Ndani yake mna faharasa ya nchi nzima, itakayokuonyesha hata yule aliyehamia South Dakota kabla ya kwenda kulia kwa jaji. Ukurasa mmoja ni senti 10, na hati moja, hata iwe ndefu kama msafara wa mwali, kwa kawaida haizidi dola 3.

Tena lina adabu. Tarakimu nne tu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ndizo zinazoonekana, za kukutofautishia wafugaji wawili wa jina moja. Tarehe ya kuzaliwa hubaki mwaka peke yake, na mtoto hutajwa kwa herufi za mwanzo. Linalovuliwa nguo ni deni. Watoto wameachiwa zao.

Sasa tufungue kurasa, maana sifa ya tatu ndiyo kubwa. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Hawakuwahi kuiona fomu ya mali ya mahakama ya Marekani. Fomu hiyo inaulizia nyumba na gari, kama fomu yoyote ingeulizia, kisha inaingia vyumbani. Ina kifungu cha nguo, kifungu cha vito na pete ya ndoa, kifungu cha bunduki. Inataka mbwa, paka, ndege na farasi. Kwa mkulima inaendelea hadi bandani: mifugo, kuku, hata samaki wa kufugwa; halafu inatoka nje kuhesabu mazao, yaliyovunwa na yaliyo bado shambani. Wala haisahau kuuliza una fedha taslimu kiasi gani, pamoja na zilizo ndani ya pochi siku unapowasilisha maombi. Mama mkwe gani, hata awe mkali vipi, amewahi kumkagua mkwewe namna hiyo? Na mdaiwa anatakiwa pia kutaja majina yote aliyotumia katika miaka minane iliyopita, ili asije akajificha nyuma ya jina la ranchi yake.

Mwanahistoria anayetaka kujua watu wa Cherry waliishije asisome wasifu wa magavana, kwa kuwa gavana huandika alichokijenga. Faili la mufilisi linasema mtu alikuwa na kuku wangapi, godoro lake lina thamani gani, na anamdai nani ambaye hatalipa kamwe. Limeandikwa chini ya kiapo, na mwandishi wake anajua kwamba kuficha mali kwa hila ni kosa la jinai linaloweza kumpa kifungo cha hadi miaka 5. Kitabu gani cha kumbukumbu za maisha kimeandikwa kwa tishio kama hilo?

Neno lenyewe linaona mbali. Mufilisi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, ndugu wa fulusi, vipesa vya shaba: mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha akabakiwa na shaba. Msimamizi anayekusanya mali yake kwa ajili ya wadai sisi humwita mfilisi. Kati ya mfilisi na mufilisi pana irabu moja tu, nayo ni nyembamba kuliko watu wanavyopenda kuamini.

Kwetu dawa ya deni ni kulipa. Mahakama ya Omaha ina dawa nyingine: kuorodhesha. Anayemwaga kila kitu mezani, akajibu maswali kwenye kikao cha wadai, anaweza kutoka akiwa amesamehewa sehemu kubwa ya anachodaiwa, ingawa matunzo ya watoto yatamfuata hadi nyumbani. Mkulima ana mlango wake mwenyewe, Sura ya 12, iliyotungwa mwaka 1986 mashamba ya Marekani yalipokuwa yakizama katika madeni: anabaki na ardhi yake huku akilipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Asiyetaka kutaja kuku wake hasamehewi. Mficha uchi hazai. Waliotunga sheria hii hawakuisikia methali hiyo, lakini waliifuata neno kwa neno. Kwa hiyo wanaoliona faili kama tangazo la aibu wamekosea. Ni risiti. Mtu amelipa kwa aibu kile alichoshindwa kulipa kwa fedha, na risiti huwekwa pale ambapo mdai yeyote anaweza kwenda kuiona.

Faili likizeeka linakuwa gumu zaidi kupatikana, na hiyo nayo ni sifa. Mengine huteketezwa, mengine hupelekwa ghalani, ambako utaulizwa namba ya kesi, namba ya shehena na namba ya boksi. Yale ya kale ya Nebraska yaliyoteuliwa kudumu yako Kansas City, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Kabla ya kufunga safari, uliza mwaka. Sheria ya ufilisi ya 1800 ilifutwa 1803. Ya 1841 ikafutwa 1843. Ya 1867 ikafutwa 1878. Sheria yenyewe ilifilisika mara tatu kabla ile ya 1898 haijasimama kwa miguu yake. Kama babu wa mfugaji wako alianguka mwaka 1885, usimtafute kwenye mafaili ya ufilisi ya shirikisho. Alikosa hata sheria ya kumwangusha kwa heshima.

Nimeacha sifa ya mwisho kwa ajili ya msomaji ambaye bado anajidai kwamba yeye hapendi mambo ya watu. Tuseme usiku mmoja umeandika jina la jirani yako wa Cherry kwenye PACER, moyo ukidunda, na jibu likaja: hakuna. Jirani ni mzima, ng'ombe wake ni wake. Mfumo utakutoza senti 10 hata hivyo, maana ukurasa usio na kitu nao ni ukurasa. Ukichungulia mtaa mzima, senti zitakuwa dola. Lakini usihofu. Gharama zako zisipozidi dola 30 kwa miezi mitatu, hutoi hata senti, zinafutwa. Mahakama iliyoundwa kuwasamehe waliokopa imekusamehe na wewe deni la umbeya, tena bila kukuuliza una kuku wangapi.