Barua ya Wazi kwa Watahini wa Udereva wa Kisiwa cha Pemba

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi Watahini,

Nawaandikia mimi mkaazi wa Chake Chake, mpanda gari za abiria tangu utoto na mwenda kwa miguu kila zinapoharibika, kuwashukuru kwa amani kubwa ambayo mtihani wenu wa vitendo umevipatia vijiti vya kisiwa hiki. Nimetafuta kwa bidii habari ya kijiti kilichogongwa na dereva mwenye leseni, nisiipate. Ng'ombe wamegongwa, kuku hawana hesabu, na binadamu pia wamo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini kijiti, maadamu kimesimikwa wima katika uwanja wa mtihani na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe, huishi umri wake katika heshima ambayo mtoto wa chuoni avukaye barabara na msahafu kifuani hajapata kuionja.

Heshima hiyo haikuja bure. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wenu hufika uwanjani baada ya Alasiri, kibao cha L kimefungwa kwa uzi mbele na nyuma ya gari, na kabla hajawasha moto mwalimu wake hubandika kipande cha utepe mweupe juu ya kioo cha nyuma. Ilimu yote ya kurudi nyuma imo ndani ya utepe ule. "Kijiti kikikutana na utepe, kata usukani wote kulia," humwambia, "kikitokea kwenye kioo cha pembeni, rudisha mzunguko mmoja na nusu, kisha tulia babu, usiguse kitu." Kijana hukariri maneno hayo midomo ikimcheza, na haupiti muda mrefu ila huiingiza gari baina ya vijiti kwa unyofu wa kustaajabisha. Mbadilishie gari tu, au ubandue utepe, na utamwona ameduwaa, kwani hakufundishwa kurudi nyuma, amefundishwa utepe. Simlaumu yeye, wala simlaumu mwalimu, ambaye analipwa afaulishe naye hufaulisha. Watu hujifunza wanachoulizwa, nanyi, mkiwa mmekaa kivulini na daftari zenu, mnauliza vijiti.

Sasa nawaomba ruhusa niwaeleze kidogo barabara, kwa kuwa huenda shughuli za uwanjani zimewazuia kuonana nayo. Kisiwa hiki, ambacho Waarabu walikiita Al-Khadhraa kwa ukijani wake, si tambarare kama uwanja wenu. Ni vilima na mabonde, na gari ya 606, itokayo Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani, hupanda na kushuka na kupinda chini ya miti kana kwamba aliyeichora njia alikuwa akimkimbia mdai wake. Hapo katikati ya mlima gari ya abiria ya chai maharage iliyo mbele husimama ghafla, kwa sababu utingo amegonga bodi na bibi mmoja anataka kuteremka na tenga lake la muhogo. Na mwanafunzi wenu wa jana, ambaye breki ya mkono anaijua kuwa ni kitu cha kuvutwa mwisho wa mtihani, huanza kurudi nyuma bila ya kukusudia. Utepe haumfai kitu, maana huko nyuma hakuna kijiti, kuna Honda yenye watu watatu.

Ukija msimu wa karafuu, mambo huzidi. Majamvi hutandikwa ukingoni mwa barabara, na mahala pengine juu ya lami yenyewe, na wala mwenye gari asidhani kuwa amedhulumiwa. Tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha mingi ya Pemba, kisiwa chetu kilishika ukubwa wa zao hilo miaka 14 kabla ya Karl Benz kuiandikisha gari yake kule Ujerumani, na kwa hivyo karafuu ina haki ya kutangulia. Basi jamvi liko kushoto, mama ameinama akichambua makonyo na mgongo ameipa njia, na mbele yaja baiskeli iliyobeba mafungu mawili ya makuti. Nani apite kwanza, na kwa mwendo gani? Suali hili kila dereva wa Pemba hulijibu, na hakuna mmoja aliyeulizwa.

Mtasema kwamba mtihani huu ni urithi. Walakini Waingereza, tuliorithi kwao kibao cha L na kuendesha kushoto, walipoufanya wa lazima kwao tarehe 1 Juni 1935 hawakuwa hata na vituo vya kutahinia. Mtahini alikutana na mtahiniwa mahala walipoagana, penye bustani au stesheni ya reli, wakaingia mjini pamoja. Nao jamaa zetu walioko Maskati, ambao hurudi nyuma baina ya madramu kwa taabu wanayotuhadithia kila wajapo likizo, wakishamalizana na madramu na mteremko hupelekwa barabarani, wakakabiliwa na magari ya kweli yenye watu wa kweli.

Iwapo vijiti haviachiki, basi natoa shauri jepesi: kila mtoto wa chuoni ashonewe kanzu ya mistari myekundu na myeupe, na kila ng'ombe apakwe rangi hizo hizo mbavuni, ili madereva wenu wawatambue na kuwaogopa.

Na iwapo shauri hilo litaonekana lina gharama, naomba moja tu. Mtihani ujao uwe katika njia ya zamani ya Wete, siku ya kazi, karafuu zikiwa juani na watoto wakitoka chuoni. Vijiti vibaki stoo, utepe ubanduliwe, na mtahini akae kiti cha mbele, ubavuni mwa mtahiniwa, mkanda ameufunga.

Wenu mtiifu,
Mwenda kwa Miguu,
Chake Chake, Pemba