Mwongozo wa Kusoma Riwaya za Harusi Ukiwa Mwisho wa Reli

Kabla hujafungua riwaya ya mahaba ukiwa Kigoma, tazama kwanza angani. Kama mwezi haupo, ahirisha. Usiku wa giza wavuvi wa Kibirizi na Katonga wako ziwani na taa zao wakiwaita dagaa, na mke wa mvuvi atakayesoma habari za wapendanao usiku huo atakuwa anajitesa bure. Ngoja mwezi ukomae. Dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina nguvu tena: samaki hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, wenye nyumba wanalala nyumbani. Huo ndio wakati wa kusoma.

Wapo wasomaji wenye kiburi wanaocheka mbalamwezi za riwaya. Wanasema kila mwandishi wa mapenzi huutundika mwezi pale anaposhindwa kuandika kitu kingine. Waambie waje mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huku mbalamwezi ni ratiba ya kazi. Mwandishi akisema kijana wa Ujiji alimtembelea mchumba wake mwezi ukiwa mpevu, amesema kweli tupu, maana usiku mwingine kijana angekuwa kazini. Na akisema kijana huyo mvuvi alibisha hodi usiku wa giza totoro, piga alama kwa penseli pembeni mwa ukurasa na uendelee kwa tahadhari. Ama mwandishi hajawahi kulala Kigoma, ama kijana ana siri, nawe utaifahamu siri hiyo kabla ya posa.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazoligawana: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi hiyo mitatu haikuwa rahisi mfukoni. Lakini nyumba yenye kitabu kimoja ina kitu cha kufanya, na katika majira kama hayo ushauri wangu ni kusoma kwa sauti, mume sura moja, mke sura inayofuata. Mume akifika penye maneno ya mapenzi asirukeruke kwa haya. Ayasome kama yalivyoandikwa. Wapo wanawake ambao hiyo itakuwa mara yao ya kwanza kuyasikia kwa sauti ile, na hawatauliza nani aliyatunga.

Mahali bora zaidi pa kusomea ni ndani ya treni ya Reli ya Kati. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,250, na hakuna namna ya kuzikimbia. Panga kurasa zako kwa stesheni. Wapendanao wakutane kabla ya Morogoro, uchumba ushike kasi Dodoma, kisha wagombane Tabora, ambako njia zenyewe zinaachana, nyingine ikienda Mwanza na nyingine kwetu. Ukifika Uvinza warudiane. Ndoa ifungwe treni inapoingia Kigoma, na ushuke ukiwa umevaa uso wa mtu aliyetoka shereheni. Ukikuta umebakiza sura moja na abiria wenzako wanashusha mizigo, kaa hapohapo umalize. Reli imekwisha, treni haiwezi kukupitiliza.

Na kitabu usikivike gazeti. Nasema hasa na akina baba. Hakuna aibu mwanamume kushika kitabu chenye maua jaladani. Wewe ndiye uliyekaa vikao vinne vya kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yako na kugombea bei ya ng'ombe hadi saa sita usiku, kwa hiyo mambo haya unayajua kuliko waandishi wengi.

Katika kuchagua, anza na mtoto wa nyumbani, lakini usimdai asichokuwa nacho. Ben Mtobwa, aliyezaliwa mkoa huu mwaka 1958 na kufariki 2008, alikuwa na wasomaji nchi nzima kwa hadithi za upelelezi. Joram Kiango wake ana Nuru pembeni na majasusi nyuma, na nafasi ya kukaa kikao cha mahari haipatikani. Msome kwa fahari, harusi uitafute kwingine. Vilevile usidanganywe na neno mapenzi. Rafu ya riwaya za Kiswahili ina misiba mingi ya mapenzi, na walio wengi tuliionja mapema darasani. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni kitabu kikubwa, na atakayeifungua akitafuta vigelegele ataumia. Ukitaka harusi yenyewe na mila zake rudi nyuma hadi 1960, kwa Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, ambamo desturi za kijiji cha Unguja zimewekwa kwa uangalifu wa mtu aliyeogopa zisipotee. Ukitaka mtu aliyeangushwa kisha akasimama tena, chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, na uwe na subira na Maimuna. Njia yake ni ndefu, lakini ana mahali pa kufika.

Sasa tuje kwenye harusi yenyewe, maana hapa ndipo wasomaji wengi wanapoibiwa. Kuna riwaya zinazotoka kwenye “nakupenda” ukurasa wa 90 na kutua kwenye keki ukurasa wa 91. Kataa. Msomaji wa Ujiji anajua kwamba kati ya hayo mawili kuna kitabu kizima. Iko wapi barua ya posa, na nani aliipeleka? Mshenga alikaribishwa kiti au mkeka? Mahari ilitajwa na nani, na shangazi yupi alikohoa ilipotajwa? Kamati ina mwenyekiti gani, na mhazina anaaminika? Nani aliahidi mchango mkubwa kikao cha kwanza, kisha simu yake ikawa haipatikani? Sare ya kina mama ni kitenge gani, na je, kilitosha, au mzigo wa kutoka ng'ambo ya ziwa ulichelewa na nusu ya wamama wakavaa rangi jirani? Mapenzi ya watu wawili hupimwa kwa maswali haya, kwa sababu ndiyo yatakayowangoja nyumbani maisha yao yote. Mwandishi anayeyajua amewapenda wahusika wake. Asiyeyajua amewapiga picha tu.

Kwa hiyo soma na daftari. Andika majina ya wajumbe. Jiwekee kiwango cha mchango ambao ungetoa kama ungealikwa, na ukiona unataka kukiongeza kadiri kurasa zinavyokwenda, ujue riwaya inafanya kazi. Siku ya harusi ikifika kitabuni, pika. Harusi isisomwe kwa chai kavu. Kama pilau haiwezekani, migebuka ya mawese inatosha, ila nawa mikono kabla ya kufungua ukurasa. Mawese hayatoki kwenye karatasi, na atakayekiazima baada yako atajua ulikula nini bwana harusi alipokuwa anaingia.

Kwenye ndoa ya msikitini punguza mwendo. Bibi harusi hayupo pale. Yuko nyumbani na wanawake wenzake, na walii wake ndiye anayemwozesha mbele ya mashahidi wawili. Mwandishi hodari anaijua thamani ya umbali huo. Anakuweka chumbani na binti mwenye hina ambaye hasikii kinachosemwa, anakufanya usubiri naye hadi kigelegele cha kwanza kitoke uani. Ukikutana na ukurasa wa namna hiyo urudie mara mbili. Kwa Wakristo kuna matangazo kanisani, na kwa wote Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku 21! Serikali imewapa watunzi wa riwaya wiki tatu za kuwatia watu kiwewe, na wengi wameziacha zipite hivihivi.

Riwaya ya nafasi ya pili, ya walioachana kisha wakarudiana, inataka msomaji mkali zaidi. Hapa usiwe na huruma ya haraka. Bwana aliyeondoka miaka sita, akarudi na koti jipya na machozi, hajarudi bado. Amefika mlangoni tu. Nataka nimsikie akilitaja kosa lake kwa jina lake, bila kusema “kama nilikukosea.” Nataka aende kwa wazee wa yule mwanamke, akae chini, aambiwe yote aliyostahili kuambiwa, na asitazame saa. Na zaidi ya yote nataka mwanamke awe na uwezo wa kweli wa kusema hapana: awe na kazi yake, duka lake la dagaa, chumba chake. Akikubali kwa sababu hana pa kwenda, hapo hapana nafasi ya pili, kuna mtego uleule umepakwa rangi. Funga kitabu, rudisha.

Wa mwambao huu wana mfano wa karibu wa kurudi kunakostahili. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande ndani ya masanduku na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Tafuta grisi hiyo katika riwaya. Wawili walipoachana, je, kuna kitu kilichotunzwa? Alimsema vibaya kwa watu, au alinyamaza? Aliendelea kumsalimu mama mkwe? Palipotunzwa kitu, kuibuka kunaaminika hata miaka minane baada ya kuzama.

Miaka minane ndiyo hasa aliyotumia Jane Austen katika Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817. Anne alishawishiwa na mama mmoja mwenye busara nyingi asiolewe na baharia asiye na mali. Baharia akaondoka, akapata cheo na fedha, akarudi na donge moyoni. Msomaji wa Kigoma hahitaji kuelezwa yule mama mwenye busara ni nani. Yupo katika kila ukoo, anashauri kwa nia njema, na hatakiwi kutukanwa. Austen naye hakumtukana, na hilo nalipenda sana.

Huku kwetu nafasi ya pili ina kanuni zake, na mtunzi anayezifahamu ana hazina. Kwa Waislamu, mume aliyetoa talaka ya kwanza au ya pili anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Eda ikiisha, lazima akubaliwe upya, afunge ndoa upya na atoe mahari upya. Fikiria mwanamume ambaye kiburi chake kilichelewa kwa siku moja tu, sasa anamtuma mshenga yuleyule kwenye nyumba ileile. Na Sheria ya Ndoa inawataka wanandoa wapite Baraza la Usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Wakae kwenye benchi moja, wasubiri jina lao liitwe. Benchi hilo linasubiri mwandishi wake.

Kwa jambo moja usicheze wala usivumilie. Ikiwa bibi harusi wa kitabu ni mtoto, hiyo si riwaya ya mahaba, hata waweke waridi ngapi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya sheria vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Msomaji awe na msimamo huohuo. Ndiyo maana naiweka juu Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Inaanza na Yasmin aliyeozwa angali binti mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa makamo ya babaye, na haikuombi ushangilie. Inakuomba umfuate anapotoroka. Amil Shivji aliitengeneza filamu mwaka 2021, lakini soma kitabu kwanza. Sitakuambia Yasmin anaishia wapi na nani. Nakuomba umtazame Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo ya Unguja, mwenye chumba kidogo na kicheko kikubwa, aliyemfungulia mlango pale wa kwao ulipofungwa. Riwaya nyingi za nafasi ya pili zinamsahau rafiki mwenye godoro la ziada. Bila yeye hakuna sura ya tatu.

Ukimaliza, kipitishe kitabu. Mpe kwanza aliyeachwa, kisha anayekaribia kuolewa, kwa mpangilio huo, maana wa kwanza atakuwa na maoni ya maana ya kuandika pembeni kwa faida ya wa pili. Na ukialikwa harusini Ujiji, Gungu au Mwandiga, peleka riwaya pamoja na bahasha. Katika ukurasa wa kwanza andika majina ya wote wawili kwa wino, la mume likiwa juu, asije akadai baadaye kwamba kitabu ni cha mke.