Ufunguo wa Mkweche wa Minnesota

Ufunguo wa gari kuukuu mara nyingi huzeeka kabla ya injini, na kifo chake ni cha polepole. Kwanza huingia kwa shida. Baadaye huingia vizuri lakini haugeuki. Mwishowe hugeuka, na gari likanyamaza. Kila hatua ina ugonjwa wake na bei yake, na mtu asiyezitenganisha huzilipia zote kwa mkupuo.

Waswahili walioko Minnesota, wengi wao Wakenya wa viunga vya kaskazini mwa Minneapolis, hukutana na somo hili mapema. Baridi haina subira na mtu anayengoja basi kituoni, kwa hiyo gari la kwanza hununuliwa haraka: Camry au Corolla ya miaka ishirini iliyopita, kutoka kwa muuzaji anayeapa kwamba lilikuwa la kwendea kanisani tu. Gari la namna hiyo huja na ufunguo mmoja. Wa pili umepotea juzi, na juzi hiyo pengine ni enzi za mmiliki wa tatu kurudi nyuma. Siku ule mmoja unapogoma, taarifa hufika nyumbani kwa njia ya pesa ya mwezi kupungua. Maelezo kwamba dola 250, zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya, zimeishia kwenye ufunguo hupokewa kwa ukimya mrefu wa simu. Kwa watu waliozoea fundi wa chini ya mwavuli, mwenye jiliwa na tupa, anayechonga ufunguo huku mteja akimaliza soda, huo ni uongo ambao haukutungwa vizuri. Lakini pesa kweli huenda huko, na njia yake ni hii.

Ndani ya kitasa cha gari mna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja kikisukumwa na springi yake. Meno ya ufunguo huvipanga vyote hadi vikalingana na ukingo wa silinda, ndipo silinda izunguke. Kimoja kikichomoza hata kidogo, hakuna kinachokwenda. Gari linalowashwa mara nne kwa siku kwa miaka 20 limegeuziwa ufunguo karibu mara 30,000. Meno hulika, vibati navyo hulika, na kwa kuwa huchakaa pamoja huzoeana kama mke na mume waliozeeka nyumba moja: mgeni hawezi kuishi na yeyote kati yao. Mwenye gari naye hujifunza ibada yake. Ingiza, vuta nje kidogo, inamisha kushoto, shusha pumzi, geuza. Hufikia mahali hakuna mwingine katika ukoo anayeweza kuliwasha gari hilo, jambo ambalo yeye huliita ulinzi.

Kosa la kawaida hapa ni kupeleka ufunguo uliochakaa ukatolewe nakala. Mashine hufuata meno kama yalivyo, haijui yalivyokuwa ujanani. Nakala huzaliwa ikiwa mzee, na kasoro ndogo ya mashine ikiongezwa juu, mara nyingi hufanya kazi vibaya kuliko mama yake. Cha kuomba ni ufunguo uliokatwa kwa namba. Namba hiyo iliandikwa kwenye kibati kidogo kilichofungwa pamoja na funguo gari lilipokuwa jipya, na kibati hicho kimelala kwenye droo ya mtu asiyejulikana, huenda pamoja na ufunguo wa pili. Kisipopatikana, wakala wa kampuni iliyotengeneza gari anaweza kuitafuta namba hiyo kwa kutumia namba ya chasisi.

Mbele ya dirisha la wakala ndipo ufunguo unapoacha kuwa chuma ukageuka kuwa hati. Karani anataka kitambulisho na kadi ya gari, na majina yalingane. Mtu aliyekulia kwenye desturi ya jina lake, la baba na la babu huwa ana leseni iliyomalizikia kwa babu na kadi ya gari iliyoishia kwa baba. Kwa karani hao ni watu wawili, na mmoja wao anaonekana anajaribu kumwibia mwenzake. Utaratibu wenyewe una haki, kwa kuwa namba ya chasisi husomeka na mpita njia yeyote kupitia kioo cha mbele, na bila ukaguzi kila mpita njia angeagiza ufunguo. Ila haki hiyo huonekana wazi zaidi kwa mtu ambaye gari lake linawaka.

Hadi hapo bei bado ni ya kuvumilika. Inapanda kwa sababu ya kitu kisichoonekana. Mwaka 1986 General Motors iliiwekea Corvette ufunguo wenye kipande kidogo cha kuzuia umeme. Gari lilipima kiasi cha ukinzani kabla ya kukubali kuwaka, na viwango vilikuwa 15 tu. Katika miaka ya 1990 ikaja chipu. Ford ilianza kuitumia Marekani kwenye baadhi ya modeli za 1996, na Toyota ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Chipu hukaa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo na haina betri. Pete ya waya iliyozunguka tundu la swichi huiamsha kwa mawimbi ya redio, chipu hujibu kwa namba yake, na kompyuta ikiitambua huruhusu injini. Isipoitambua, baadhi ya magari hayapigi stata kabisa; mengine huwaka vizuri, hukaa sekunde moja au mbili, kisha huzimika kwa adabu.

Tabia hiyo ya mwisho imegharimu watu pesa nyingi za bure. Mwenye gari huchongewa ufunguo wa dola chache, unafungua milango, unageuka bila ibada, injini inanguruma halafu kimya. Hubadilisha pampu ya mafuta, kisha plagi, kisha humpigia simu mjomba fundi wa magari aliye Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, ambaye kwa uzoefu wake wote hawezi kukisia. Magari mengi ya zamani yaliyoingia Afrika Mashariki kutoka Japani hayana chipu, kwa hiyo mjomba anahukumu kwa haki kabisa kesi ya gari lingine. Dalili ya kutafuta ni taa ndogo ya dashibodi, mara nyingi yenye mchoro wa ufunguo au wa gari lenye kufuli. Ikimetameta bila kukoma swichi ikiwa imefunguliwa, pampu haina hatia.

Sheria nazo hutofautiana. Uingereza magari mapya yalitakiwa kuwa na kifaa cha kuzuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambuliwa kuanzia Oktoba 1998, na Kanada kuanzia Septemba 2007. Marekani haikulazimisha, ndiyo maana mkweche mmoja una chipu na jirani yake wa mwaka uleule hauna. Ndiyo maana pia baadhi ya Kia na Hyundai zilizouzwa Marekani katika muongo wa 2010 bila kifaa hicho ziligeuka mchezo wa vijana wa Milwaukee na baadaye Minneapolis, baada ya video za mitandaoni kuonyesha kwamba wizi wake hauhitaji zana yoyote ya maana. Mwaka 2023 kampuni hizo zilianza kutoa programu ya bure ya kurekebisha udhaifu huo. Mwenye Camry ya chipu aliyekuwa akilalamikia bei ya ufunguo alipunguza sauti kidogo msimu huo.

Katika Toyota nyingi za kipindi cha mwanzo cha chipu, rangi ya ufunguo ina uzito. Mweusi ni mkuu na unaweza kutumika kusajili mwingine. Wa kijivu, uliokusudiwa kupewa mwegeshaji wa hotelini, hufungua mlango na kuwasha injini lakini hausajili kitu. Mnunuzi wa mkweche hukabidhiwa wa kijivu, huku akisifiwa kwamba amepata rangi nzuri. Funguo kuu zote zikipotea, kwenye baadhi ya modeli hizo kompyuta ilibidi ibadilishwe au ifutwe kumbukumbu, na gharama ikaanza kuikaribia bei ya gari. Ford nyingi za miaka hiyo zina kanuni yake: mtu aliye na funguo mbili zinazotambuliwa anaweza kusajili wa tatu mwenyewe, kwa kuziingiza moja baada ya nyingine ndani ya sekunde chache. Aliye na mmoja hana budi kwenda kulipia. Mwenye nacho huongezewa, hata barabarani.

Si kila mgomo ni wa ufunguo, na hapa uchunguzi uanze na vya bure. Ufunguo usiogeuka kabisa huenda umebanwa na usukani. Sheria ya usalama ya Marekani iliyoanza 1970 ndiyo iliyoeneza kufuli la usukani huko, na tairi likikunjwa na kubanwa dhidi ya ukingo wa barabara, usukani huliegemea kufuli hilo. Dawa ni kuusukuma usukani kushoto na kulia taratibu huku ufunguo ukigeuzwa. Ufunguo usiotoka kwenye gari la otomatiki mara nyingi unangojea gia ifike sawasawa kwenye P. Ukigeuka na kukawa na mlio mmoja wa tak, tazama betri na vichwa vyake kabla ya kuisingizia swichi. Januari ya Minnesota nyuzi 20 chini ya sifuri si jambo la kushangaza, na betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake wakati uleule ambapo oili ya injini imekuwa nzito. Betri ikiwa nzima na mlio ni uleule, mshukiwa ni stata. Ikiwa hakuna mlio wowote, jaribu gia ya N. Gari likiwaka hapo, kosa ni la swichi ya gia. Swichi ya umeme nyuma ya kitasa ni kipande tofauti na kitasa chenyewe, na fundi anayetaka kubadilisha vyote viwili kabla ya kupima aulizwe sababu, kwa upole.

Kitasa kikavu kitiwe unga wa grafiti. Oili hulainisha wiki ya kwanza, kisha hukusanya vumbi likawa tope. Mafuta ya kupikia, ambayo yameshajaribiwa, huganda.

Uzito wa kifungo cha funguo nao ni jambo la kweli. Mwaka 2014 General Motors iliyaita yarudishwe kwa matengenezo magari yapatayo milioni 2.6, Chevrolet Cobalt yakiwemo, kwa sababu swichi yao dhaifu iliweza kurudi nyuma gari likiwa mwendoni, hasa funguo zikiwa nzito au zikigongwa na goti. Injini ilizima na mifuko ya hewa haikufunguka. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulitambua vifo 124. Kifungo cha Mswahili wa ughaibuni kina ufunguo wa nyumba ya kupanga, wa ghalani kazini, wa kofuli la sanduku lililoachwa kwa shangazi, wa duka lililofungwa tangu zamani, kifungulia soda na ramani ya Afrika ya shaba. Vyote hivyo vinaweza kukaa mfukoni.

Kitasa kikishindikana, hubadilishwa. Kipya huja na ufunguo wake, hivyo dereva hubeba mmoja wa milango na mwingine wa swichi, isipokuwa fundi akipanga upya vibati vifuate ufunguo wa zamani. Fundi wa vitasa anayepigiwa simu na kutaja bei ndogo sana kabla ya kuja aombwe kuiandika yote kwanza, pamoja na ya chipu.

Limebaki suala la ufunguo wa pili uliopotea juzi. Minneapolis na Saint Paul zinakataza kuacha gari likiunguruma peke yake na ufunguo ndani, kwa hiyo wengi hufunga kifaa cha kuwashia gari kutoka mbali ili lipate joto. Kifaa hicho lazima kiipite chipu, na kwenye magari ya zamani mafundi walifanya hivyo kwa njia rahisi kuliko zote: walichukua ufunguo halisi uliosajiliwa, au chipu yake, wakaufunga ndani ya kiboksi kidogo nyuma ya dashibodi. Kabla ya kulipa dola 250, ni vizuri kuchungulia chini ya usukani kwa tochi.