Mjusi Asiye na Viza

Oktoba 3 Wajerumani husherehekea siku ya taifa lao. Ukialikwa kwa balozi wao Dar es Salaam, shika sambusa yako vizuri: "uhusiano wa kihistoria" haukawii kutajwa.

Nani abishe? Rais Steinmeier mwenyewe alifika Songea mwaka 2023 akaomba radhi kwa Vita vya Maji Maji, vilivyokwisha 1907. Kwa taifa linalosifika kutunza saa, miaka 116 tusiiite kuchelewa. Labda foleni.

Ila kiungo cha kweli ni yule mjusi wetu wa kale, dinosaria wa Tendaguru, Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi pwani, ikapakiwa melini. Leo amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, watu wanalipa kiingilio kumtazama. Kiswahili chake sijui kimebaki kiasi gani.

Mjukuu wa mpagazi akitamani kwenda kumjulia hali, alete taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima, na ushahidi kwamba atarudi nyumbani. Mjusi hakuulizwa hata kimoja, hasa hicho cha mwisho.